Jina Liko Daftarini

Ukimwambia mtu wa Tanzania kwamba kuna kitu cha Mjerumani kimefukiwa mahali, swali lake la kwanza ni hili: dhahabu au rupia? Wapo waliomaliza ujana wao wakifuata alama zilizochongwa majabalini na kuchimba mashimo usiku kwa ramani walizouziwa na matapeli. Ulaya nako vitu vya Mjerumani hufukuliwa kila mwaka, mashambani, misituni, chini ya misingi ya nyumba mpya. Ila huko mchimbaji anayejua kazi yake husimamisha sepetu anapoona kibati cha zinki au alumini chenye umbo la yai, urefu wake kama sentimita saba, chenye mstari wa matundu katikati na herufi na tarakimu chache zilizogongwa kwa nyundo. Kwa muuza vyuma chakavu hakifui dafu. Kwa familia iliyongoja habari za baba tangu 1944, huenda ndicho kitu pekee kilichobaki duniani kinachoweza kumtambulisha. Na bado, ukikisoma mwanzo hadi mwisho, hukuti jina la mtu.

Jina halikusahauliwa kwa uzembe. Jeshi la Prussia lilianza kuwapa askari wake vibati vya utambulisho mwaka 1869, mwaka mmoja kabla ya vita vyake na Ufaransa, na vile vya mwanzo vilitaja kikosi na namba tu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, mtindo ulikuwa ule ule, hadi maiti zilipowazidi makarani. Mwaka 1915 kibati kikapanuliwa, kikaandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali mtu alikotoka. Kabla vita havijaisha, kikatobolewa katikati ili kivunjike vipande viwili, kimoja kibaki na marehemu, kingine kiende na taarifa ya kifo. Jeshi la Hitler liliuchukua mtindo wa kuvunja, likaliacha jina. Aliyekiokota, awe rafiki au adui, alisoma kikosi, namba ya askari na kundi la damu, basi.

Na hata hicho kikosi kina mtego wake. Mara nyingi kinachosomeka ni kikosi cha akiba ambako kijana alipewa mafunzo na kuvishwa kibati, wala si kile alichofia. Katika miaka mitatu minne mtu aliweza kuhamishwa divisheni mara kadhaa huku shingoni akiwa na maandishi yale yale ya siku ya kwanza. Anayedhani kwamba ameshapata jibu kwa kusoma kibati peke yake anaweza kumtafuta marehemu Norway, ilhali mifupa iko Ukraine.

Jina lenyewe lilikuwa Berlin. Tarehe 26 Agosti 1939, siku chache kabla Poland haijavamiwa, jeshi la Ujerumani lilifungua ofisi ya habari za waliokufa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulizitaka nchi zinazopigana ziwe na ofisi ya habari za mateka, na utawala ulioivunja mikataba mingine bila haya ulilitimiza hili kwa bidii kubwa. Ofisi hiyo ilijulikana kwa kifupi chake, WASt. Kila kikosi kiliipelekea orodha ya vibati vyake, kisha mabadiliko: nani amehamia, nani amelazwa hospitali, nani amekufa na amezikwa wapi. Mabomu yalipoizidia Berlin, mwaka 1943 makaratasi yalihamishiwa Saalfeld na Meiningen, katika mkoa wa Thüringen. Wamarekani waliyakuta huko Aprili 1945, na kabla ya kuukabidhi mkoa huo kwa Wasovieti wakayaondoa. Mwaka 1946 yalirudi Berlin, katika sehemu ya mji iliyokuwa chini ya Wafaransa.

Leo kuna kadi za majina zaidi ya milioni 18, pamoja na orodha za vibati zenye maingizo zaidi ya milioni 100. Kwa miongo mingi makaratasi hayo yalikaa Eichborndamm, kaskazini mwa Berlin, ndani ya majengo yaliyokuwa kiwanda cha silaha. Kejeli ambayo hakuna mwandishi aliyelazimika kuitunga. Tangu tarehe 1 Januari 2019 yako chini ya Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani.

Kibati kikionekana pamoja na mifupa, kwa kawaida habari hufikishwa polisi, kisha Volksbund, jumuiya iliyoundwa mwaka 1919 ambayo hutunza makaburi ya Wajerumani waliokufa vitani, zaidi ya makaburi 830 ya pamoja katika nchi 46, yenye watu wapatao milioni 2.8. Wataalamu hufukua, hupima mifupa, huandika kila kilichokuwa mfukoni na mahali kilipolala. Maandishi ya kibati hupelekwa Berlin. Karani hufungua orodha ya kikosi kile, hushuka na kidole hadi kwenye namba, na hapo jina hujitokeza. Jina humpeleka kwenye kadi, kadi kwenye anwani ya mzazi au mke, na anwani ya 1942 humpeleka kwenye mtaa ambao pengine sasa uko Poland na una jina jingine. Kumpata mjukuu ndiyo hatua inayochukua muda mrefu kuliko zote.

Mafundi wa kazi hii husoma hata namna kibati kilivyovunjika. Kikikutwa nusu, maana yake kuna mwenzake aliyepita pale, akainama, akavunja kipande cha chini na kukipeleka kwa mkuu wa kikosi. Kifo kiliripotiwa, na huenda kaburi liliandikwa mahali. Kikikutwa kizima, hakuna aliyepita. Aliyekivaa kwa kawaida bado yuko kwenye hesabu ya waliopotea, hesabu ambayo kwa upande wa Ujerumani bado ina kesi takriban milioni 1.3. Wasovieti walipata tabu zaidi. Wao walimpa askari kichupa cheusi cha eboniti chenye kikaratasi cha kujaza mwenyewe, na wengi waliogopa kukijaza kwa kuamini kwamba kunaleta nuksi. Mwaka 1942 vichupa hivyo vikaondolewa kabisa, huku miaka miwili na nusu ya mauaji ikiwa bado mbele.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa vitu vingine vyote vya askari. Kitabu cha mshahara, kilichokaa mfuko wa kifuani na kueleza habari za mtu kuanzia viatu hadi chanjo, ni karatasi, udongo hukila. Nishani ya Msalaba wa Chuma, ambayo wakusanyaji huilipia fedha nyingi, kwa kawaida ina alama ya kiwanda tu, wakati nishani za Uingereza za vita vya 1914 zilichongwa jina la mwenyewe ukingoni. Singe la zamani la Kijerumani linaweza kutaja rejimenti, kompania na namba ya silaha, na hapo likanyamaza. Vinavyosema zaidi ni vile ambavyo serikali haikuviamuru: kijiko kilichokwaruzwa herufi mbili kwa ncha ya kisu, mkebe wa chakula wenye jina la kijiji, ngozi ya ndani ya helmeti iliyoandikwa kwa wino. Ila hivyo navyo vina hila. Vitani watu walikopeshana, waliibiana, walivua maiti viatu. Helmeti yenye jina haithibitishi kwamba kichwa kilichokuwa ndani yake kilikuwa cha mwenye jina.

Hakuna kisa kinachoonyesha ubishi huu kati ya kitu na daftari kama kile cha nyambizi ya New Jersey. Septemba 1991, wazamiaji wa Marekani waliokwenda kuangalia mahali ambapo wavuvi walisema nyavu zao hunasa walikuta nyambizi ya Kijerumani kwenye kina cha mita 70 hivi, umbali wa kilomita kama mia moja kutoka pwani. Hakuna daftari, si la Wamarekani, si la Wajerumani, lililoonyesha nyambizi yoyote kuzama pale. Miongoni mwa waliorudi tena na tena walikuwa John Chatterton na Richie Kohler. Katika mojawapo ya safari za mwanzo kilipatikana kisu cha mezani, na kwenye mpini wake wa mbao mtu alikuwa amechonga kwa mkono: HORENBURG.

Ungedhani kazi imekwisha. Horenburg alikuwepo kweli kwenye orodha za wanamaji, mwendesha redio, na chombo chake kilikuwa U-869. Lakini vitabu vilisema U-869 iliamriwa iende Gibraltar na ikazamishwa karibu na pwani ya Morocco mwanzoni mwa 1945, upande wa pili wa bahari. Wataalamu wakaona kisu kimepotea njia. Labda kiliibwa, labda mwenyewe alikisahau kwenye chombo kingine. Daftari likaaminiwa, kisu kikawekwa kando. Kwa miaka sita wazamiaji waliendelea kushuka kwenye mabaki yale yaliyojaa nyaya na mabati yaliyopinda, na watatu kati yao walikufa, wawili wakiwa baba na mwanawe. Ni mwaka 1997 tu Chatterton alipopandisha sanduku la vipuri lenye kibati cha shaba kilichoandikwa U-869. Amri ya kugeuza njia kuelekea Gibraltar haikukifikia chombo, au ilifika ikiwa haieleweki. Nyambizi ilifuata amri ya kwanza hadi Marekani ikiwa na watu 56, na makarani wa ushindi baada ya vita waliandika kifo chake mahali ambapo amri ilisema ingekuwa. Kisu kilikuwa kimesema kweli tangu siku ya kwanza.

Ndiyo maana simwamini anayesema nyaraka zinatosha, kama nisivyomwamini anayesema kitu kinajieleza chenyewe. Kimoja bila kingine hudanganya.

Kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, hali ni ngumu zaidi kwa sababu ya usiku mmoja. Tarehe 14 Aprili 1945, wiki tatu hivi kabla Ujerumani haijasalimu amri, ndege za Uingereza zilipiga Potsdam na hifadhi ya nyaraka za jeshi ikaungua. Faili za askari wa Prussia, sehemu kubwa kabisa ya jeshi la Kaisari, zikawa majivu. Mtu wa Bavaria mwenye babu aliyepigana Verdun anaweza kwenda München na kukuta babu yake kwenye daftari la kompania, pamoja na majeraha na adhabu alizopata kwa ulevi. Mwenzake wa Berlin hana bahati hiyo. Amebaki na orodha za hasara zilizochapishwa na serikali kati ya 1914 na 1919, kurasa zipatazo 31,000, ambazo watu wanaojitolea wameziingiza kwenye kompyuta jina moja baada ya jingine.

Hata hivyo orodha zilizosalia zimetenda makubwa. Mwaka 2010, wajenzi wa barabara huko Carspach, Alsace, walilitoboa handaki la Wajerumani lililoporomoshwa na mizinga ya Wafaransa tarehe 18 Machi 1918. Watu 34 wa Rejimenti ya 94 ya Akiba walikufa siku hiyo, na 21 walikuwa wameachwa ndani kwa sababu hapakuwa na njia ya kuwatoa. Walikutwa walivyokuwa, wengine wamekaa, pamoja na viatu, pochi, viko na chupa za mvinyo. Majina yao yalikuwa yameandikwa tangu siku ile. Kilichotafutwa ni jina gani ni la mifupa ipi. Mwaka 2013 walizikwa Illfurth. Kule Winterberg, karibu na Craonne, zaidi ya watu 200 wa Rejimenti ya 111 ya Akiba walinaswa ndani ya pango la kuchimbwa tarehe 4 Mei 1917, na watatu tu ndio waliotoka hai. Mahali pale palitambuliwa upya karne moja baadaye na mtafiti wa Kifaransa na mwanawe. Ufaransa na Ujerumani zikaamua waachwe humo na mlima uwe kaburi lao. Nadhani ziliamua vema.

Kuna watakaouliza kwa nini jasho hili limwagwe kwa ajili ya askari wa Hitler. Swali ni la haki, na jibu lake haliko kwenye huruma peke yake. Daftari linalomrudisha babu nyumbani ndilo linaloonyesha babu alikuwa kwenye kikosi gani, kijiji gani, wiki gani. Waendesha mashtaka wa kituo cha Ludwigsburg, kilichoundwa mwaka 1958 kuchunguza jinai za Wanazi, walizitumia kadi hizo hizo. Zipo familia zilizoomba kujua na zikapata jibu ambalo hazikulitaka. Kumtambua mtu si kumtakasa.

Wanaoharibu kila kitu ni wafanyabiashara. Tayari mwaka 1945 askari washindi walibeba vitabu vya mshahara vya maiti kama kumbukumbu, na hivyo maiti wengi wakazikwa bila jina huku majina yao yakisafiri kwenda Ohio au Manchester ndani ya mabegi. Siku hizi watu wenye mashine za kutafutia vyuma huingia misitu ya Urusi na nchi za Baltiki usiku, huchukua kibati, helmeti na nishani, na mifupa huitawanya kama takataka. Kibati hicho huuzwa mtandaoni. Mnunuzi anaweza hata kupata jina kutoka Berlin, akafurahi. Lakini kaburi limepotea moja kwa moja, kwa sababu hakuna tena anayejua ni mifupa ipi iliyokuwa chini yake.

Sasa turudi kwetu, maana katika Vita vya Kwanza vya Dunia Mjerumani alipigana hapa pia, na waliompigania walikuwa wengi wao watu wetu. Vyombo vikubwa vya vita hivyo vina wenyewe wanaojulikana hadi jina la kiwanda. Mzinga ulioko Fort Jesus, Mombasa, ni mmoja kati ya kumi ya manowari Königsberg ya nahodha Max Looff, iliyozamishwa delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mwingine uko Pretoria. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kila tarehe ipo. Mamia ya watu waliokokota mizinga ile kwa kamba, kutoka matopeni hadi vilimani, hawana hata mstari mmoja.

Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni lao hapa, ilianza vita mwaka 1914 ikiwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na kufikia zaidi ya 11,000 mwanzoni mwa 1916. Jemadari wake, Paul von Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na Wazungu 155, askari 1,100 na ushei, na wapagazi maelfu. Wazungu 155 unaweza kuwatafuta mmoja mmoja. Askari hawana kadi Berlin, wala hakuna daftari moja lililosalia linalowataja wote kwa majina. Mkulima wa Mahiwa, mahali palipopiganwa vita hivyo, akilima na kuibua kifungo cha koti au ganda la risasi, hakuna namba ya kupeleka popote. Upande wa Waingereza nako hali ni hiyo hiyo: mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kuna tukio moja ambapo kazi hii ya utambuzi ilifanyika kinyume, mwenye kitu akiwa hai na kitu kikiwa kimepotea. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba ofisa wa fedha alifika Mwanza akakuta wazee kama 350 wakimngoja, na wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa na jemadari wao mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu; wengi walikuja mikono mitupu. Basi kila mzee akapewa fagio, akaamriwa kwa Kijerumani ashike silaha, ageuke, atoe heshima. Hakuna aliyeshindwa, wanasema.

Kisa hiki Wajerumani wanakipenda mno, na kupendwa kwake kunanitia shaka kidogo. Kinamfurahisha anayesimulia na kumfanya mzee kuwa kichekesho cha gwaride. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Taifa ambalo miaka ile ile lilitunza kadi milioni 18 za askari wake, likijua mpaka kundi la damu la karani wa jikoni, lilipokuja Mwanza halikuwa na orodha ya kufungua, na likalazimika kuwapima wazee wa miaka sabini kwa fagio.

Yaliyosalia yako mikononi mwetu. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya utawala wa Kijerumani ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na majina ya watu wetu yamo humo, yametawanyika katika barua za mashauri, kodi na mishahara. Yanahitaji vijana wanaosoma Kijerumani na wenye subira ya kuyaokota. Nawe msomaji, kama babu alikuachia cheti cha zamani, kifungo cha sare, picha ya mtu mwenye kofia ya askari, usikiuze kwa mnunuzi wa vitu vya kale anayepita na pikipiki. Andika leo jina la mwenyewe, la baba yake, kijiji alichotoka, na nani alikusimulia. Na ukikutana na mifupa au chuma cha vita shambani, usiguse, kwa maana risasi na mabomu ya zamani bado yanaua. Weka alama, ita polisi, kisha watu wa makumbusho waje waandike mahali kilipolala kabla hakijainuliwa.